Nondo Anayeishi Ndani ya Bua la Mahindi

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wakulima wadogo wa mitaa ya Eastlands kabla ya mvua ya masika. Yanachapishwa kwa manufaa ya wakaazi wote wa kaunti, hasa wale wanaopanda mahindi katika vipande vidogo vya ardhi.



Mvua ikikaribia, majembe hutolewa. Kuanzia Kariobangi na Dandora hadi Njiru, kando ya Mto Nairobi na kando ya Mto Ngong, nyuma ya nyumba za Kayole na Umoja, kwenye ploti ambazo hazijajengwa Utawala, Mihang'o na Ruai, mahindi hupandwa kila mahali penye udongo. Kwa familia nyingi hayo si mapambo. Ni gunia moja au mawili yasiyonunuliwa dukani, ni mahindi ya kuchoma yanayouzwa jioni kando ya barabara, na ni mabua ya ng'ombe au mbuzi wa nyumbani.

Katika kila shamba la namna hiyo yumo mpangaji asiyelipa kodi. Huonekana kwa nadra kwa sababu huishi ndani ya bua. Mkulima huona kazi yake tu: majani yenye matundu yaliyojipanga mstari, mmea uliokauka katikati huku majani ya nje yakiwa bado mabichi, bua lililovunjika kwa upepo mdogo, gunzi lililochimbwa na kujaa uchafu kama unga wa mbao. Wengine humwita funza wa mahindi, wengine kiwavi wa bua. Mazungumzo haya yanahusu maisha yake, kwa sababu asiyeyajua maisha ya mdudu huyu hutumia pesa nyingi kumpiga wakati ambapo hapigiki.

Ni nani huyu?

Funza huyo ni mtoto wa nondo. Wengi wakisikia nondo humkumbuka yule anayetoboa sweta kabatini, lakini ukoo wa nondo ni mkubwa sana, na wako wanaokula nyasi peke yake. Mahindi ni nyasi. Mtama ni nyasi, wimbi ni nyasi, muwa ni nyasi, na nepia ya ng'ombe ni nyasi vilevile. Nondo anayetafuta pa kutagia mayai hajali kama mmea umepandwa na mtu au umejiotea. Anachotafuta ni bua nene na laini ambalo mwanawe ataweza kuishi ndani yake.

Nchini Kenya wako wawili wanaojulikana zaidi. Wa kwanza kwa jina la kitaalamu ni Busseola fusca. Huyu ni mwenyeji wa Afrika. Alikuwa hapa akila mtama na nyasi za jamii yake kabla mahindi hayajaletwa kutoka bara la Amerika. Hupenda sehemu za juu zenye baridi kidogo, na ndiye anayesumbua zaidi nyanda za juu. Wa pili ni Chilo partellus, ambaye asili yake ni Asia. Barani Afrika alionekana kwanza Malawi miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameingia Afrika Mashariki. Hupenda joto, kwa hiyo makao yake makuu ni pwani na sehemu za chini, ila kwa miaka mingi amekuwa akipanda juu. Eastlands, iliyo mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, iko katika eneo la katikati ambako wote wawili wanaweza kukutana.

Nondo wenyewe, wakiwa na mabawa, hawana la kumvutia mtu. Ni wadogo, mabawa yakikunjuliwa hupata sentimita mbili hadi nne hivi kutoka ncha hadi ncha. Chilo ana rangi ya majani makavu, Busseola ni wa kahawia iliyokolea. Mchana hujificha kwenye mimea na takataka za shambani. Huruka usiku. Jike hukaa mahali pamoja na kutoa harufu ambayo mtu hawezi kuinusa, na dume huifuata gizani mpaka amfikie. Nondo hali mahindi hata kidogo. Huishi kwa muda wa wiki moja hivi, na kazi yake ni moja: kutaga mayai mahali panapofaa.

Kutoka yai hadi nondo

Chilo hutaga mayai juu ya jani, mara nyingi upande wa chini, karibu na uti wa jani. Huyapanga yakilaliana kama magamba ya samaki, makumi kwa pamoja. Busseola ni msiri zaidi. Huyaingiza katika mstari mrefu pale ambapo jani hulikumbatia bua, na asiyelifungua jani hilo kwa kidole hatayaona. Baada ya wiki moja hivi mayai huanguliwa.

Kifunza kinachotoka ni kidogo kama kipande cha uzi. Hupanda juu hadi kwenye moyo wa mmea, pale ambapo majani machanga bado yamejikunja kama faneli. Baadhi hutoa uzi mwembamba, hujining'iniza, na upepo huwapeleka hadi kwenye mmea wa jirani. Ndiyo maana mmea mmoja ulioshambuliwa leo huwa mimea sita baada ya wiki moja.

Ndani ya faneli vifunza hukwangua majani yaliyokunjwa. Jani likifunguka, yale matundu huonekana yakiwa yamejipanga mstari. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na ndiyo ya maana kuliko zote, kwa sababu inamwambia mkulima kwamba mdudu bado yuko nje ya bua. Hali hii hudumu kwa muda wa wiki mbili hivi. Baada ya hapo funza amekua, meno yake yana nguvu, naye hutoboa bua na kuingia.

Akishaingia hujichimbia njia na kula ule utomvu na nyama laini ya ndani. Kama mmea bado ni mchanga na funza ameufikia moyo wake, jani la katikati hukauka na kung'oka kwa urahisi likivutwa. Mmea huo hautabeba gunzi. Kama mmea ni mkubwa, huendelea kusimama, lakini maji na chakula havipandi vizuri, gunzi huwa dogo, na bua huvunjika kwa urahisi. Wengine huingia moja kwa moja kwenye gunzi.

Funza wa Chilo ana rangi ya maziwa au waridi hafifu, kichwa cha kahawia, na madoa meusi yaliyojipanga kwa mistari mgongoni. Wa Busseola ni mweupe wa waridi asiye na madoa ya kuonekana wazi. Akikomaa hufanya jambo la akili. Kabla hajageuka pupa, hutafuna njia ya kutokea hadi karibu na ngozi ya nje ya bua na kuacha utando mwembamba kama karatasi. Pupa ni ile hatua ya kutulia kabla ya kuota mabawa. Nondo hana meno ya kutoboa bua, hivyo mlango lazima utayarishwe na funza. Wiki moja au mbili baadaye nondo husukuma utando ule, hutoka, na mzunguko huanza upya. Mzunguko mzima huchukua mwezi mmoja hadi miwili, kulingana na joto.

Wakati wa kiangazi huenda wapi?

Swali hili ndilo linalowahusu zaidi wakulima wa Eastlands. Mahindi yakishavunwa na mabua yakikauka, funza aliyebaki ndani hafi njaa. Huacha kukua. Hukaa bila kula chochote ndani ya bua kavu, miezi kwa miezi, akisubiri mvua. Unyevu ukirudi na bua likilowa, huamka, hugeuka pupa, na wiki chache baadaye nondo hutoka. Wakati huo mahindi mapya ndiyo kwanza yameota na kufika magotini, chakula kikiwa tayari.

Sasa mtu atazame mabua ya msimu uliopita yako wapi. Mengi yamesimamishwa kama ua wa kuzuia kuku. Mengine yamelundikwa kando ya ukuta yakingoja mbuzi, mengine yameezekea kibanda, na mengine yameachwa yakiwa yamesimama shambani. Katika kila lundo la namna hiyo huenda wamelala wazazi wa funza wa msimu ujao. Mkulima anayelaumu upepo au jirani kwa kumletea wadudu, mara nyingi amewahifadhi mwenyewe tangu mavuno.

Kuna jambo la pili ambalo ni la mjini hasa. Kando ya mito ya Eastlands udongo haukauki kabisa, na wako wanaopanda mahindi mwaka mzima, huyu mwezi huu, yule mwezi ujao. Hapo funza hana haja ya kulala. Kizazi kikitoka kwenye shamba la Machi hukuta shamba la Aprili, kikitoka hapo hukuta la Juni. Katika shamba kubwa la mashambani kiangazi huvunja mzunguko. Katika vipande vidogo vilivyopandwa kwa zamu, hakuna kinachouvunja.

Asichanganywe na viwavijeshi

Tangu viwavijeshi vamizi kutoka Amerika waingie Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa Kenya mwaka 2017, kila tundu kwenye jani la mahindi huitwa kazi yao. Ni wadudu wawili tofauti, na tabia zao hazilingani. Kiwavijeshi vamizi ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa kwenye uso wake, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia. Hula majani kwa pupa, huacha mashimo makubwa yenye kingo zilizoraruka, na kinyesi chake hujaa kwenye faneli kama machujo ya msumeno yaliyolowa. Kwa kawaida hubaki kwenye majani na gunzi. Funza wa bua huacha matundu madogo yaliyojipanga, kisha hutoweka ndani. Mkulima akiona matundu yamekoma huku mmea ukianza kudhoofika, asidhani mdudu ameondoka. Ameingia ndani.

Hasara yake

Utafiti uliofanywa katika maeneo mbalimbali ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba funza wa mabua huwanyima wakulima takribani asilimia 13 ya mahindi yao. Kwa lugha ya gorogoro, katika kila gorogoro nane, moja huliwa kabla ya kufika jikoni. Hiyo ni hesabu ya wastani. Shamba dogo likishambuliwa mapema, hasara huwa kubwa kuliko hiyo, kwa sababu kila mmea uliokauka moyo ni gunzi lililopotea kabisa.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa gorogoro. Tundu la funza kwenye gunzi ni mlango wa ukungu. Ukungu unaoingia hapo huweza kutoa sumu ndani ya punje, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha ugali. Mahindi yaliyochimbwa na kuota ukungu yatengwe wakati wa kupukuchua. Yasichanganywe na mazuri, na wala wasipewe kuku na ng'ombe kwa kudhani kwamba mnyama hadhuriki.

Kwa nini dawa hushindwa

Desturi ya wengi ni hii. Mkulima huona mmea umekauka moyo, hukimbia dukani, hununua dawa ya kunyunyizia, naye hunyunyizia shamba lote siku hiyo hiyo. Wakati huo funza yuko ndani ya bua, amefunikwa na ukuta wa mmea pande zote. Dawa hutelemka juu ya majani na kuishia kwenye udongo. Funza huendelea kula.

Dawa hiyo haikosi wa kumpata, ila huwapata wengine. Katika mitaa yenye nyumba zilizobanana, shamba liko hatua tatu kutoka dirisha la jirani, nguo za mtoto zimeanikwa juu ya uzio, na mboga za sukuma wiki zimepandwa katikati ya mahindi hayo hayo. Mvua ikinyesha jioni, kilichobaki huteremka mtoni. Na mahindi mabichi ya kuchoma huvunwa mapema, mara nyingine kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kwisha.

Hii haimaanishi kwamba dawa hairuhusiwi. Inamaanisha kwamba ina wakati wake, na wakati huo ni zile wiki mbili ambazo kifunza bado kiko kwenye faneli. Atakayeitumia atumie iliyosajiliwa na bodi ya kitaifa inayosimamia dawa za kuua wadudu, PCPB, aisome kwanza, aweke kiasi kidogo ndani ya faneli ya mimea iliyoshambuliwa peke yake, ajikinge mwili, na aheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Dawa iliyofunguliwa na kupimwa kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko isinunuliwe kabisa.

Nyigu mdogo, rafiki wa mkulima

Funza wa bua ana maadui wake. Chungu humwinda, buibui humkamata akiwa bado mdogo, na baadhi ya nyigu wadogo hutaga ndani ya mayai ya nondo. Lakini anayestahili kujulikana zaidi ni nyigu mwenye urefu wa milimita tatu hivi, mweusi, asiyeuma mtu, wa jamii iitwayo Cotesia.

Nyigu huyu hufuata harufu ya kinyesi cha funza hadi kwenye tundu, huingia ndani ya lile handaki, na kumchoma funza kwa kumtia mayai makumi kwa mara moja. Baadhi yao huumwa na funza na kufia humo, lakini mayai yakishaingia kazi imefanyika. Watoto wa nyigu hukua ndani ya mwili wa funza, kisha hutoka wote kwa pamoja na kusuka vifukofuko vyeupe. Mkulima akipasua bua na kukuta kitu kama punje za mchele mweupe zilizoshikamana kando ya funza anayekufa, asivikanyage. Hao ni nyigu wa kesho.

Kenya ina nyigu wake wa asili, Cotesia sesamiae. Chilo alipokuja kutoka Asia hakufuatwa na maadui zake wa huko. Kwa hiyo watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, walimleta ndugu yake, Cotesia flavipes, kutoka Pakistan. Aliachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993, akastawi, na akaendelea kuenea katika nchi kadhaa za Afrika.

Wachunguzi waligundua pia jambo la kushangaza kuhusu nyigu wa asili. Wale wa Mombasa wakitaga ndani ya funza wa Busseola, mwili wa funza huyazingira mayai yale na kuyaua. Wale wa Kitale hutaga ndani ya funza huyo huyo na watoto wao huishi. Kwa macho ni nyigu wamoja, lakini kila kundi limezoeana na funza wa kwao. Mwaka 2011 watafiti wa icipe na wenzao walieleza jambo jingine: baadhi ya mbegu za mahindi za kienyeji, nondo akitaga mayai juu ya jani, hutoa harufu inayowaita nyigu hata kabla ya funza kuanguliwa. Mahindi chotara waliyoyajaribu hayakuwa na uwezo huo. Anayetunza mbegu ya bibi yake huenda anatunza zaidi ya ladha.

Maafisa wa kilimo huyataja haya kwa sababu moja. Dawa inayonyunyiziwa shamba zima baada ya funza kuingia ndani haimuui funza, lakini humuua nyigu aliye nje akimtafuta. Mkulima hulipa ili kumwondolea adui wake adui yake.

Vuta-sukuma

Njia nyingine iliyozaliwa Kenya ni ile iitwayo vuta-sukuma. Ilibuniwa miaka ya 1990 na watafiti wa icipe kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakiongozwa na Profesa Zeyaur Khan, pamoja na shirika la utafiti wa kilimo la Kenya na wenzao wa kituo cha Rothamsted, Uingereza. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, ambao harufu yake humfukuza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa nepia. Giza likiingia, nepia hutoa harufu nyingi inayomvutia nondo kuliko mahindi, naye hutaga huko. Vifunza vikianguliwa na kujaribu kutoboa, nepia hutoa utomvu wa kunata, na wengi wao hufa wakiwa wadogo. Desmodiamu hurutubisha udongo, na vyote viwili ni chakula cha ng'ombe.

Kwa mwenye robo ekari Ruai, Kamulu au Njiru na ng'ombe mmoja wa maziwa, njia hii inafaa, na nepia ya ziada huuzwa. Kwa mwenye kipande cha hatua tano kwa kumi Kayole, mistari mitatu ya nepia italimeza shamba. Hao wanaweza kukubaliana, watano au sita wanaopakana, kuhesabu mashamba yao kuwa moja na kuweka nepia ukingoni mwa eneo lote, mahali ambapo kilimo kinaruhusiwa. Kilimo cha mjini kina sheria yake katika Kaunti ya Jiji la Nairobi tangu mwaka 2015, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kueleza ni wapi panaruhusiwa na ni wapi hapafai kwa sababu ya maji machafu.

La kufanya, kwa mpangilio wa msimu

Kabla ya mvua, mabua yote ya zamani yaondolewe. Yanayoliwa na mifugo yakatwekatwe na kulishwa mapema, yasingoje. Yanayobaki yakatwe vipande vifupi na kufukiwa kwenye shimo la mboji. Anayehitaji mabua kwa ua au kibanda ayalaze kwanza chini kwenye jua kali, yakiwa yametandazwa na si kulundikwa, kwa muda wa wiki nne. Joto na ukavu huwaua funza wengi walio ndani. Kuyachoma moto mtaani si suluhisho. Moshi huingia nyumbani kwa watu, na udongo hukosa mboji.

Mvua ikianza, majirani wapande pamoja, ndani ya wiki moja au mbili. Shamba linalochelewa hupokea nondo wote waliotoka kwenye mashamba ya mapema. Kupanda mahindi pamoja na maharagwe au kunde pia humpunguzia nondo urahisi wa kuliona bua.

Kuanzia wiki ya pili baada ya kuota hadi ya sita, shamba likaguliwe mara mbili kwa wiki. Kazi hii haichukui nusu saa katika shamba dogo, na hapa ndipo mkulima wa mjini anamshinda mwenye ekari kumi. Majani yageuzwe upande wa chini, mayai yapondwe kwa vidole. Pale jani linapolikumbatia bua pafunguliwe na kutazamwa. Mmea wenye matundu ya mstari ukaguliwe ndani ya faneli. Wakulima wengi hutia humo majivu au mchanga mkavu kiasi cha kubana kwa vidole vitatu. Mmea uliokauka moyo ung'olewe na funza aliye ndani, apewe kuku. Ukiachwa umesimama, atahamia mmea wa pili.

Mahindi yakishabeba, kunyunyizia dawa kuachwe. Funza aliyebaki wakati huo ni wa nyigu.

Baada ya mavuno, mabua yasilale shambani. Hapo msimu mpya wa funza huanzia, na hapo ndipo unapoweza kukomeshwa bila shilingi hata moja.

Mahali pa kuuliza

Mkulima asiye na hakika kama alichokiona ni funza wa bua au kiwavijeshi, akate kipande cha bua chenye mdudu ndani, akifunge kwenye karatasi au chupa yenye kifuniko, na akipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi au wa kaunti ndogo. Kupasua bua na kutazama pamoja ni bora kuliko kueleza kwa simu. Vikundi vinavyotaka kuonyeshwa vuta-sukuma vipeleke ombi katika ofisi hiyo hiyo kabla ya msimu, kwa kuwa nepia na desmodiamu huhitaji kupandwa mapema.

Kitu kimoja kinafaa kubebwa nyumbani na kila aliyehudhuria. Katika maisha yake yote, funza wa bua huwa wazi mara mbili tu: wiki zile mbili akiwa kwenye faneli, na miezi ile amelala ndani ya bua kavu mikononi mwa mkulima mwenyewe. Anayefanya kazi katika nyakati hizo mbili, na jirani yake akafanya vivyo hivyo, atavuna.